Chumba Kwanza, Maiki Baadaye

Mtu akiamua kuanza kurekodi sauti nyumbani, awe anataka kuendesha podikasti, kusoma riwaya, kutoa mawaidha au kuweka maelezo kwenye video za biashara yake, safari ya kwanza huwa ya dukani. Akiwa Dar es Salaam atashuka Kariakoo, akiwa Nairobi atapita Luthuli Avenue, na atarudi na boksi lenye maiki ya kondensa, mkono wa chuma wa kufunga mezani, kifuniko cha sponji na waya. Ataifunga sebuleni, atasema "moja, mbili, tatu", atasikiliza, na atakachosikia ni sauti ya mtu aliyetumbukia kwenye tangi tupu la maji.

Maiki haina kosa. Imefanya kazi yake barabara: imesikia kila kilichomo sebuleni, vigae vya sakafuni, meza ya kioo, ukuta wa saruji uliopigwa rangi ya mafuta na silingi ya jipsamu. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye chumba, na maiki ije mwisho. Tena sehemu kubwa ya kinachohitajika chumbani huna haja ya kukinunua. Kipo kabatini kwako.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hata mafundi wa mtaani huyachanganya. Kuna kelele zinazotoka nje: bodaboda, jenereta, spika za baa, watoto, kunguru. Na kuna mwangwi, yaani sauti yako mwenyewe inayogonga kuta na kurudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo. Kelele huzuiwa na uzito, kama ukuta wa tofali au mlango wa mbao ngumu, na kwa kuziba kila upenyo, maana panapopita hewa ndipo inapopita sauti. Mwangwi dawa yake ni vitu laini na vinene: godoro, duveti, nguo zilizoning'inizwa. Blanketi halizuii bodaboda, na tofali halipunguzi mwangwi. Mwenye kulielewa hili hatauziwa kitu cha kutibu mwangwi huku shida yake ni baa ya jirani.

Hapo ndipo trei za mayai zilipojipatia sifa zisizostahili. Studio nyingi za uchochoroni zimezibandika ukuta mzima, na ukiuliza utaambiwa zinazuia sauti. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba iliyofinyangwa. Haina uzito wa kuzuia kelele wala unene wa kumeza sauti nzito. Inachoweza ni kupunguza na kutawanya kidogo sauti kali za juu, kwa hiyo chumba kinabaki na mvumo wake uleule, ila sasa umekuwa butu. Sponji nyembamba ya inchi moja inayouzwa kwa vipande vyenye meno nayo haitofautiani sana, ingawa kwenye picha inapendeza. Ukiwa na nia ya kupiga picha, nunua. Ukiwa na nia ya kurekodi, subiri.

Sababu yake ni ya kifizikia, na inafaa kuijua kwa sababu ndiyo itakayokuongoza ukiwa na kipimo mkononi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, na kwenye joto letu la pwani huongezeka kidogo. Sauti ya hezi 1,000 ina wimbi la sentimita 34 hivi. Ya hezi 100, ambayo ni eneo la sauti ya mwanamume azungumzapo, ina wimbi la zaidi ya mita tatu. Kitu laini humeza sauti vizuri kikiwa na unene unaokaribia robo ya wimbi hilo, au kikiwa kimesimama mbali na ukuta kwa umbali kama huo. Robo ya sentimita 34 ni sentimita 8 na nusu; sponji ya inchi moja haifiki. Ndiyo maana blanketi lililoning'inizwa sentimita 15 au 20 kutoka ukutani hufanya kazi kuliko blanketi lilelile likipigiliwa misumari ukutani. Hewa iliyo nyuma yake inakusaidia bure.

Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kina tatizo lake la ziada. Kuta zikiwa na umbali sawa pande zote, kuna noti fulani ambazo chumba kinazikuza: kwa futi kumi ni karibu na hezi 57 na mara mbili yake, 114. Silingi nayo ikiwa futi kumi, basi pande zote tatu zinasukuma noti zilezile. Mwanamume mwenye sauti nzito akisoma katikati ya chumba cha namna hiyo, baadhi ya maneno yanavuma na mengine yanazama, naye anadhani ana mafua. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua chumba kisicho mraba. Usikae katikati kabisa, na usijibane kwenye kona. Na chagua chumba kilichojaa. Chumba cha kulala chenye kitanda, godoro, mapazia na kabati la nguo lililofurika kinashinda sebule nadhifu, na kinashinda kwa mbali chumba kitupu kile ulichopanga kukiita studio.

Kukipima ni rahisi. Simama utakapokaa, piga kofi moja kali, kisha nyamaza. Ukisikia mlio mfupi kama wa chuma ukikimbizana baina ya kuta, kuna kazi. Ukisikia kofi na basi, kaa hapohapo.

Kuna dada mmoja ninayemfahamu, mkazi wa Tabata, anayesoma hadithi za watoto. Studio yake ni kabati la nguo la milango miwili. Akitaka kurekodi anafungua milango yote, anatandaza duveti la mtumba kutoka juu ya mlango mmoja hadi wa pili, lining'inie mgongoni kwake, na yeye anakaa katikati kwenye kigoda, uso ukielekea madera yake na makoti ya mumewe. Maiki inasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufunikwa taulo lililokunjwa mara nne, ili ndoo isilie na mtetemo wa sakafu usipande. Simu ya kusomea ameibana kwa vibanio vya nguo kwenye henga, mbele ya macho yake. Hakuna karatasi, kwa hiyo hakuna mchakacho wa kufunua kurasa. Akimaliza, anakunja duveti na chumba kinarudi kuwa cha kulala.

Angalia duveti lilipo: mgongoni. Wengi wakipata blanketi moja hulitundika mbele yao, nyuma ya maiki, kwa sababu huko ndiko sauti yao inakoelekea. Lakini maiki nyingi za kurekodia maneno husikia vizuri upande wa mbele na husikia kidogo upande wa nyuma. Maiki imekuelekea wewe, na kwa hiyo imeuelekea pia ukuta ulio nyuma yako. Sauti inayorudi kutoka ukuta huo ndiyo inayoingia bila kipingamizi. Ukiwa na blanketi moja tu, litundike nyuma ya mgongo. La pili liweke mbele, la tatu ubavuni, la nne juu ya kichwa, kwa sababu silingi nayo ni ukuta. Chini tandika zulia, au mkeka wenye blanketi juu yake, maana mkeka peke yake ni mwembamba mno. Na kama unakaa mezani, tandika taulo mezani. Meza tupu ni kioo cha sauti, na iko karibu na mdomo wako kuliko ukuta wowote.

Asiye na kabati kubwa amtafute fundi bomba. Bomba za plastiki za inchi moja zinatosha: nne za kusimama zenye urefu wa mita mbili, na nyingine fupi za mita moja na kitu za kuunganisha juu na chini, pamoja na kona zake. Usizigundishe zote. Zikiwa za kuchomeka unaweza kuzibomoa mwenye nyumba akija kudai kodi, au ukihama. Juu ya fremu hiyo tupia mablanketi mawili mawili. Mazito yanapatikana mitumbani, Karume kwa Dar es Salaam, Gikomba kwa Nairobi, Kongowea kwa Mombasa. Ukiwa pale usidanganywe na rangi. Linyanyue, likiwa jepesi, liache. Kisha liweke mdomoni upulize: pumzi ikipenya kwa shida, hilo ndilo. Isipopenya kabisa, kama ilivyo kwa mapazia mazito yaliyopakwa mpira kwa nyuma, sauti itagonga na kurudi. Ikipenya kirahisi kama kwenye kanga, sauti nayo itapita kirahisi vilevile.

Tahadhari moja hapa si ya utani. Sponji na godoro hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Ndani ya kibanda cha mablanketi usiwashe mshumaa umeme ukikatika, usiwashe dawa ya mbu ya kuchoma, na usipitishe waya wa umeme uliochunika.

Sasa kelele. Niseme ukweli: kwenye nyumba ya kawaida ya mjini huwezi kuzizuia zote. Kujenga ukuta ndani ya ukuta ni gharama ya wenye studio za biashara. Ulicho nacho wewe ni saa. Chukua daftari, kwa wiki moja andika kelele za mtaa wako na muda wake: adhana, gari la maji, shule ikitoka, baa ikifungua muziki, mkesha wa kanisani Ijumaa, mashine ya kuchomelea ya fundi wa geti. Utashangaa jinsi mtaa ulivyo na ratiba. Mitaa mingi ina dirisha la kimya kati ya saa nane usiku na muda mfupi kabla ya adhana ya alfajiri, na mingine ina jingine mchana, baada ya saa nane, wakubwa wakiwa kazini na watoto wamelala. Mvua ikipiga bati, acha. Masika ya Machi hadi Mei si msimu wa kujiwekea ahadi za kukabidhi kazi kwa tarehe ngumu kama paa lako halina silingi.

Usidharau pia kuongea na watu. Ukimwendea mama wa nyumba ya pili ukasema, "Shikamoo mama, leo jioni nina kazi ya kurekodi kama nusu saa, naomba mnisaidie kupunguza redio," mara nyingi utajibiwa, "Marahaba mwanangu, tena ungesema mapema." Kimya hicho hakina gharama, ila usikiombe kila siku.

Ndani ya nyumba, madirisha ndiyo yanayovujisha zaidi, hasa yale ya luva ambayo hata yakifungwa yanabaki na nyufa. Godoro la mtoto likisimamishwa dirishani linasaidia kwa kiasi, na taulo lililoviringishwa chini ya mlango linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Zima feni. Zima friji, na weka funguo za nyumba ndani yake, ili usitoke ukaiacha imezimwa na samaki wakaharibika. Saa ya ukutani itoe chumbani. Vua bangili, saa ya mkononi na nguo za nailoni zinazochakacha. Kula kidogo kabla ya kuanza, kwa sababu tumbo lenye njaa hunguruma na maiki nzuri hulisikia.

Umeme nao una sauti. Huku kwetu umeme wa gridi ni wa hezi 50, na ukiingia kwenye waya wa maiki unasikika kama mvumo wa "mmm" usiokwisha. Dawa ya kwanza ni kuchomoa chaja na kurekodi kwa betri ya kompyuta. Kwa maana hiyo umeme ukikatika si msiba kabisa: friji la jirani limenyamaza, televisheni zimenyamaza, na wewe una betri. Rekodi haraka kabla jenereta hazijaanza. Simu iweke kwenye hali ya ndege, la sivyo ile milio ya "trrr-trrr" itaingia kwenye waya katikati ya sentensi yako bora.

Joto ndilo ambalo watu wa nchi za baridi hawaliandiki kwenye vitabu vyao. Mwezi wa Februari pale Dar es Salaam au Mombasa, ndani ya kibanda cha mablanketi manne, feni imezimwa, utalowa. Mwenye kuloa husoma kwa haraka amalize, na msikilizaji anaisikia haraka hiyo. Rekodi kwa vipande vya dakika kumi na tano, toka, washa feni, kunywa maji ya uvuguvugu, rudi. Unyevu wa pwani pia hushambulia maiki za kondensa. Zikianza kutoa milio ya kupasuka-pasuka, mara nyingi ni unyevu. Zihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mablanketi yaanike juani kila baada ya muda, yasije yakaota ukungu.

Baada ya haya yote ndipo tuongee maiki, na nitaongea kwa ufupi. Anza na simu uliyonayo. Tumia programu inayohifadhi sauti katika WAV, usitumie sauti za WhatsApp, kwa sababu zinabanwa mno na ubora ukishapotea haurudi. Ukipata pesa kidogo, nunua maiki ya waya ya kubana kwenye nguo. Ukipata zaidi, maiki ya USB au ya dainamiki inatosha kwa miaka. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na bado inafanya kazi, lakini kwa sababu hiyohiyo ni miongoni mwa maiki zinazoghushiwa sana duniani, kwa hiyo bei ikiwa ya kufurahisha kupita kiasi, shaka. Kondensa nyingi za studio zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Ukiichomeka kondensa ya namna hiyo moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, hutapata sauti, au utapata dhaifu yenye mchemko, halafu utailaumu maiki.

Kinachobadilisha sauti kuliko chapa ya maiki ni umbali. Kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inayokwenda moja kwa moja kwenye maiki hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki palepale. Kwa hiyo kaa karibu. Pima kwa shubiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na usisogee. Maiki isikae mbele ya mdomo kabisa. Iweke pembeni kidogo, usawa wa pembe ya mdomo, ili pumzi ipite na sauti iingie. Herufi P ndiyo msumbufu. Soma kwa sauti "Paka wa Pili alipanda papo kwa papo" kisha sikiliza: ukisikia mapigo mazito kama mtu anayepuliza, geuza maiki zaidi, au vuta soksi ya nailoni juu ya duara la waya na uiweke katikati. Inafanya kazi sawasawa na ile ya dukani.

Upande wa kiwango, lenga vilele vya sauti yako viwe kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6. Vikigusa sifuri, sauti imepasuka na hakuna fundi wa kuiunga. Wanaotaka kuuza vitabu vya sauti wana vipimo vya kufuata: ACX, mfumo wa kampuni ya Audible, unataka wastani kati ya hasi 23 na hasi 18, vilele visizidi hasi 3, na kimya cha chumba kisizidi hasi 60. Hicho cha mwisho ndicho kinachowaangusha watu wa nyumbani, na tayari unajua kwa nini. Kila unaporekodi, anza kwa kunyamaza nusu dakika maiki ikiwa wazi. Kimya hicho kitakuonyesha feni uliyoisahau, na baadaye kitakusaidia kuziba mapengo unapokata makosa, maana kimya kitupu cha kompyuta katikati ya sauti ya chumba husikika kama shimo.

Kuhariri, Audacity inatosha. Ni programu ya bure, ipo tangu 2000, na kompyuta ya zamani inaiendesha. Kata kila kilicho chini ya hezi 80, maana huko hakuna maneno, kuna malori tu. Kitufe cha kupunguza kelele kitumie kwa uchache. Kikizidishwa, sauti inakuwa ya mtu anayeongea akiwa chini ya maji. Sauti ya mkondo mmoja katika WAV ya kawaida hula kama megabaiti 5 kwa dakika, zaidi kidogo ya 300 kwa saa, kwa hiyo futa picha za simu kabla hujaanza, si katikati ya sura ya tatu.

Kabla hujatoa shilingi yoyote, fanya jaribio hili usiku wa leo. Soma ukurasa mmoja kwa simu ukiwa sebuleni. Usome tena ukurasa uleule mbele ya kabati lililofunguliwa, blanketi mgongoni, simu umbali wa shubiri moja. Sikiliza zote mbili kwa hedifoni. Ukiisikia tofauti, pesa ya maiki iweke kwanza, asubuhi nenda kanunue mablanketi.